Kuhamia Simu Janja ya Chapa Nyingine: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Anayebadili chapa ya simu kwa kawaida huiwazia simu mpya: kamera yake, ukubwa wa skrini yake, muda ambao betri yake itadumu. Ugumu, hata hivyo, mara nyingi hutokea kwenye simu inayoachwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshika majina, picha, manenosiri na mazoea ya mkono kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua kila kitu kimekaa wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye simu ya zamani, unapita kwenye siku ya kuhamisha, kisha unakaa kwa kirefu kwenye wiki za mwanzo, wakati simu mpya bado ni ngeni mkononi.

Kabla ya yote, nashauri usiachane na simu ya zamani siku ile ile unayopata mpya. Ikae nawe kwa wiki mbili au tatu ikiwa na chaji na ikiwa haijafutwa chochote. Ukiwa na haraka ya kuiuza au kumpa mtu, ni afadhali uahirishe kununua mpya kuliko kufuta ya zamani kabla hujajiridhisha kwamba kila kitu kimevuka.

Hatua ya kwanza: Jua unatoka wapi na unakwenda wapi

Karibu simu janja zote hutumia mojawapo ya mifumo endeshi miwili: Android, unaotengenezwa na Google, na iOS, unaopatikana kwenye iPhone za Apple peke yake. Android hutumiwa na watengenezaji wengi, na kila mmoja huuvisha sura yake. Samsung huiita ya kwake One UI, Xiaomi ilikuwa na MIUI kabla ya kutangaza HyperOS mwaka 2023, Oppo ina ColorOS, Tecno ina HiOS na Infinix ina XOS. Anayetoka Samsung kwenda Xiaomi anabadili sura na mahali pa kukuta mambo kwenye mipangilio, lakini msingi haubadiliki, na akaunti yake ya Google itamrudishia sehemu kubwa ya vitu vyake. Anayetoka Android kwenda iPhone, au anayerudi upande wa pili, anabadili msingi wenyewe. Huyo ndiye atakayehitaji subira zaidi, kwa kuwa programu alizonunua upande mmoja hazivuki, na nakala rudufu (nakala za akiba za data ya simu) za upande mmoja kwa kawaida hazisomeki moja kwa moja upande wa pili.

Iko pia hali ya tatu ambayo baadhi ya watu huigundua wakiwa wameshalipa. Kutokana na vikwazo ambavyo Marekani iliiwekea Huawei mwaka 2019, simu mpya za kampuni hiyo, kuanzia Mate 30 ya mwaka huo, zilianza kutoka zikiwa bila huduma za Google, na badala ya Play Store zina duka liitwalo AppGallery. Simu hizo zinafanya kazi vizuri kwa mambo mengi, lakini anayetegemea Gmail, YouTube na programu za benki anapaswa kuhakikisha mapema kwamba kila programu anayoihitaji inapatikana na inafanya kazi pale.

Hatua ya pili: Kagua vitu vyako viko wapi

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kila kitu kilichomo ndani ya simu kiko katika mojawapo ya sehemu tatu: ndani ya simu yenyewe, ndani ya akaunti iliyopo kwenye intaneti, au kwenye kadi, iwe ya laini au ya kumbukumbu. Kilichopo kwenye akaunti kitakufuata popote utakapoingia na akaunti hiyo, ila kilichopo ndani ya simu lazima ukivushe mwenyewe.

Anza na majina na namba za watu. Fungua programu ya majina, nenda kwenye mipangilio yake, uangalie majina yamehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, kwenye akaunti ya mtengenezaji, kwenye simu au kwenye laini. Mara nyingi utakuta yametawanyika kote kote, kwa sababu kila ulipohifadhi namba mpya simu ilichagua mahali bila wewe kujali. Laini ni mahali pabaya pa kutegemea: hubeba kwa kawaida majina 250 hivi, haihifadhi picha, na iPhone inaweza kusoma majina yaliyo kwenye laini lakini haihifadhi mapya humo. Kwa hiyo hamishia majina yote kwenye akaunti moja. Ikiwa simu inakataa kuyahamisha, toa faili moja la majina yote lenye kiambishi cha vcf, ulitume kwa barua pepe yako mwenyewe, na ulifungue kwenye simu mpya. Android na iPhone zote mbili hulisoma.

Baada ya majina, angalia programu za mtengenezaji mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo vitu hupotea kimyakimya. Kumbukumbu ulizoandika kwenye Samsung Notes au kwenye daftari la Xiaomi hazitatokea zenyewe kwenye simu ya chapa nyingine, hata kama zote mbili ni za Android. Vivyo hivyo rekodi za sauti na picha ulizozificha ndani ya folda salama. Fungua kila moja ya programu hizo, utoe kilichomo kama faili la kawaida la maandishi, la PDF au la sauti, ulihifadhi mahali ambapo simu mpya itafika. Kazi hii inachosha, lakini hakuna programu ya kuhamisha itakayokufanyia kwa uhakika.

Picha zina njia rahisi zaidi. Google Photos hufanya kazi kwenye Android na kwenye iPhone, kwa hiyo anayeitumia atazikuta picha zake upande wowote. Jambo la kuangalia ni nafasi: akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya barua pepe, faili, picha na hata nakala rudufu ya WhatsApp, wakati iCloud ya Apple hutoa GB 5 tu bila malipo. Mwenye picha nyingi kuliko hapo atafanya vyema kuzinakili kwenye kompyuta kwa kebo kabla ya kuanza kuhama. Anayetoka iPhone akiwa na picha zake iCloud anaweza pia kuiomba Apple, kupitia ukurasa wake wa faragha na data, inakili picha hizo kwenda Google Photos. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa na haizifuti zile za awali.

Kadi ya kumbukumbu inahitaji neno moja la tahadhari. Ikiwa uliwahi kuiambia simu iifunge kadi kwa usimbaji, yaani kuyafumba yaliyomo yasisomeke bila ufunguo, au iifanye kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani, kadi hiyo haitasomeka kwenye simu nyingine yoyote. Iondolee usimbaji au nakili vilivyomo kabla hujaitoa. iPhone haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu kabisa, na simu nyingi za bei ya juu za Android nazo zimeiacha.

Manenosiri ndiyo ya mwisho katika ukaguzi huu. Wengi wetu hatujui tena manenosiri yetu kwa kuwa simu huyajaza yenyewe. Yakiwa yamehifadhiwa na Google, yatakufuata kwenye iPhone ukisakinisha Chrome na kuiruhusu ijaze manenosiri. Yakiwa yamehifadhiwa na Apple, yatoe kama faili kisha uyaingize upande wa pili. Faili hilo huwa maandishi matupu yanayosomwa na yeyote atakayelifungua, kwa hiyo lifute mara tu ukimaliza, na usilitume kwa mtu wala usiliache kwenye kikasha cha barua pepe. La muhimu kuliko yote, hakikisha unalijua kwa moyo nenosiri la akaunti yako kuu ya Google au ya Apple, kwa sababu bila hilo mengine yote hayafunguki.

Hatua ya tatu: Linda namba za siri za uthibitishaji

Hatua hii naitenga peke yake kwa sababu madhara yake ni makubwa. Akaunti nyingi sasa hudai uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na namba fupi inayotumwa kwa ujumbe au inayotolewa na programu maalumu. Namba zinazokuja kwa ujumbe zitafuata laini yako, kwa hiyo hazina shida. Namba zinazotolewa na programu kama Google Authenticator zinategemea siri iliyohifadhiwa ndani ya simu, na ukiifuta simu kabla ya kuihamisha siri hiyo, unaweza kujifungia nje ya akaunti zako mwenyewe.

Tangu mwaka 2023 Google Authenticator inaweza kuhifadhi siri hizo kwenye akaunti ya Google, na pia inaweza kuzihamisha kwa msimbo wa QR unaoonyeshwa na simu ya zamani na kusomwa na simu mpya. Chagua njia mojawapo, kisha fungua simu zote mbili pamoja uone kama zinatoa namba zilezile kwa wakati uleule. Zaidi ya hapo, chukua namba za akiba ambazo huduma nyingi hutoa kwa ajili ya dharura, Google kwa mfano hutoa 10, uziandike kwenye karatasi uiweke mahali salama.

Programu za benki nazo mara nyingi hufungwa kwenye kifaa kimoja. Usitarajie zihamishwe na chombo chochote. Sakinisha upya kutoka kwenye duka rasmi la programu, ujisajili upya, na uwe na laini yako ndani ya simu hiyo wakati wa kujisajili kwa kuwa benki nyingi hutuma namba ya kuthibitisha papo hapo. Fanya kazi hii saa ambazo huduma kwa wateja ya benki inapatikana, ili ukikwama upate mtu wa kukusaidia.

Hatua ya nne: Hamisha

Siku ya kuhamisha, chaji simu zote mbili zijae, zisasishe, na uziunganishe kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi. Usiiwashe simu mpya na kukimbilia kuipita kila skrini ya mwanzo, kwa sababu nafasi nzuri ya kuhamisha vitu hutolewa wakati huohuo wa kuiandaa, na kwa baadhi ya mambo haitolewi tena mpaka uifute simu na kuanza upya.

Kutoka Android kwenda Android, simu mpya itakuuliza kama unataka kunakili programu na data kutoka kwenye simu nyingine. Kubali, na ikiwezekana tumia kebo, kwa kuwa ni ya haraka na haikatiki kama mtandao. Watengenezaji pia wana vyombo vyao: Samsung ina Smart Switch, Xiaomi ina Mi Mover, Huawei ina Phone Clone. Chombo cha kutumia ni kile cha chapa unayoiendea, wala si cha unayoiacha. Kutoka Android kwenda iPhone, Apple ina programu iitwayo Move to iOS, inayosakinishwa kwenye simu ya Android na kuhamisha majina, ujumbe mfupi, picha, video, kalenda na akaunti za barua pepe. Wakati inafanya kazi usitoke humo na kwenda kufungua programu nyingine, kwani uhamishaji unaweza kukatika. Kutoka iPhone kwenda Android, kebo ya kuunganisha simu hizo mbili ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

WhatsApp inastahili aya zake. Kwanza, ifungue kwenye simu ya zamani uhakikishe kwamba unaikumbuka PIN yake ya tarakimu 6, kama uliiweka; aliyeisahau na hakuweka barua pepe hulazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuibadili. Ikiwa nakala yako rudufu imefungwa kwa usimbaji, hakikisha pia nenosiri lake unalo, kwa maana hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

Kutoka Android kwenda Android kazi ni nyepesi: tengeneza nakala kwenye akaunti ya Google na kuirudisha kwenye simu mpya, au tumia uhamishaji wa moja kwa moja kwa msimbo wa QR ulioanza mwaka 2023. Kuvuka kati ya mifumo ndipo penye mtego. Nakala iliyoko kwenye akaunti ya Google haiwezi kurudishwa kwenye iPhone, na nakala iliyoko iCloud haiwezi kurudishwa kwenye Android. Mazungumzo huvushwa kwa njia nyingine: kwenda iPhone, hupitia Move to iOS, njia iliyofunguliwa mwaka 2022; kwenda Android, hupitia kebo wakati wa kuandaa simu mpya, njia iliyoanza na simu za Samsung mwaka 2021 na baadaye kuenea kwenye nyingine. Katika hali zote mbili simu inayopokea inapaswa kuwa mpya au iliyofutwa, na namba ya simu lazima iwe ileile. Aliyekwisha kuiandaa iPhone yake kikamilifu, akatumia WhatsApp kwa siku kadhaa, kisha akakumbuka mazungumzo ya zamani, atalazimika kuifuta na kuanza mwanzo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba WhatsApp ipangwe kabla simu mpya haijawashwa.

Ikiwa laini yako ni ya eSIM, yaani laini iliyomo ndani ya simu bila kadi, kumbuka kwamba haitolewi na kupachikwa kama kadi. Baadhi ya simu zinaweza kuihamisha zenyewe, hasa kati ya simu za mfumo mmoja, lakini unapovuka kwenda mfumo mwingine huenda ukahitaji msimbo mpya kutoka kwa kampuni yako ya mawasiliano. Usiifute eSIM kwenye simu ya zamani mpaka ya simu mpya imekubali kupiga na kupokea.

Hatua ya tano: Ufundishe mkono

Sasa vitu vimevuka, na kinachobaki ni mazoea. Hapa ndipo watu wengi husema kwamba simu mpya ni mbaya, wakati ukweli ni kwamba vidole vinatafuta vitu mahali pa zamani. Ushauri wangu ni kutofautisha mambo mawili. Yale unayoyafanya mara nyingi kila siku, kama kurudi nyuma, kuandika na kujibu simu, yabadilishe kwenye mipangilio yafanane na ulivyozoea ikiwa inawezekana. Yale unayoyafanya mara chache, jifunze namna ya simu mpya na usipoteze nguvu kupigana nayo.

Kurudi nyuma ndiko kunakosumbua zaidi. Kwenye simu za Android zenye vitufe vitatu chini ya skrini, Samsung huweka kitufe cha kurudi upande wa kulia, ilhali Google huweka upande wa kushoto. Mpangilio huo unaweza kugeuzwa kwenye sehemu ya skrini na urambazaji ndani ya Mipangilio. Humohumo utachagua kama unataka vitufe au ishara za vidole, ambazo ziliingia rasmi kwenye Android 10 ya mwaka 2019 na zinakuruhusu kurudi kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wowote wa pembeni. iPhone haina kitufe cha kurudi. Humo unatelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto kuelekea katikati, au unagusa mshale ulio juu kushoto, na baadhi ya programu hukubali njia moja tu kati ya hizo. Aliyetoka Android atahangaika na hili kwa siku kadhaa, kisha mkono utazoea.

Kuzima simu nako kunawashangaza wengi. Kwenye simu kadhaa za sasa, ukibonyeza kitufe cha pembeni kwa muda mrefu anaitika msaidizi wa sauti, wala simu haizimi. Kwenye iPhone zisizo na kitufe cha mbele, bonyeza kitufe cha pembeni pamoja na kimojawapo cha sauti. Kwenye Pixel, simu za Google, kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti. Kwenye Samsung nyingi, cha pembeni pamoja na cha kupunguza sauti, au fungua paneli ya juu uguse alama ya kuzima. Tahadhari iliyopo ni kwamba kubonyeza kitufe hicho mara tano mfululizo, au kuvishikilia vile viwili kwa muda mrefu mno, kunaweza kuanzisha simu ya dharura. Kwa hiyo usibonyezebonyeze kwa kubahatisha. Picha ya skrini huchukuliwa kwa kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwenye Android, na kwa kitufe cha pembeni na cha kuongeza sauti kwenye iPhone.

Kwa kibodi, njia fupi ni kusakinisha ileile uliyoitumia awali. Gboard ipo kwenye mifumo yote miwili na ina Kiswahili. Usipoongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha, kibodi mpya itayageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza kila unapobonyeza nafasi, na hilo peke yake linatosha kumchosha mtu na simu nzuri. Ukikosa muda wa kuongeza lugha, zima usahihishaji wa moja kwa moja.

Katika kupanga skrini ya kwanza, usijaribu kurudisha aikoni zote mahali pake siku ya kwanza. Weka zile unazozihitaji sana kwenye safu ya chini, nyingine uzitafute kwa kuandika jina lake kwenye kisanduku cha utafutaji, kinachofunguka kwa kutelezesha kidole juu au chini kutegemea simu. Baada ya wiki moja utakuwa umejua ni zipi unazitumia kwa kweli, na hizo ndizo za kupangwa.

Hatua ya sita: Rekebisha arifa na betri

Lalamiko lisilokosekana baada ya kuhamia baadhi ya chapa za Android ni kwamba ujumbe unaingia kwa kuchelewa, au hauingii mpaka programu ifunguliwe. Chanzo chake ni juhudi za watengenezaji kulinda betri: mfumo huzizima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, na kila mtengenezaji ana ukali wake. Xiaomi, Oppo, Vivo na Huawei zimejulikana kwa miaka mingi kuwa kali katika hili, na Samsung nayo huweka programu zisizofunguliwa kwa siku kadhaa kwenye orodha ya programu zinazolala.

Fungua Mipangilio, nenda kwenye orodha ya programu, uchague ile inayochelewa. Kwanza, hakikisha arifa zake zimeruhusiwa. Tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu mpya lazima iombe ruhusa hiyo, kama ilivyo kwenye iPhone, na wengi hugusa kukataa bila kusoma. Kisha nenda kwenye sehemu ya betri ya programu hiyohiyo uchague isiwekewe vizuizi. Kwenye Xiaomi na zinazofanana nayo, ruhusu pia programu ijianzishe yenyewe. Fanya hivyo kwa programu zile tu ambazo ujumbe wake hauwezi kusubiri, kama za mawasiliano, barua pepe ya kazi na benki, kwa sababu ukiziachia zote betri itaisha kabla ya jioni. Kwa iPhone, angalia kama hujawasha hali ya kutosumbuliwa au muhtasari wa arifa uliopangiwa saa.

Betri yenyewe isikutie wasiwasi siku za mwanzo. Simu mpya inapakua programu, inapanga maelfu ya picha na kusasisha mfumo wake, na yote hayo hula chaji. Ipe muda wa wiki moja kabla ya kuihukumu.

Hatua ya saba: Angalia vifaa na mafaili

Chaja imekuwa jambo rahisi kuliko zamani, kwa kuwa iPhone 15 ya mwaka 2023 iliacha kiunganishi cha Lightning na kuingia USB-C inayotumiwa na simu nyingi za Android. Hata hivyo, kasi ya kuchaji hutofautiana: chaja ya haraka ya chapa moja inaweza kuchaji simu ya chapa nyingine kwa kasi ya kawaida tu, na hilo si hitilafu. Saa janja ni habari nyingine. Apple Watch haifanyi kazi na Android, na Galaxy Watch za Samsung za kuanzia ya nne, iliyotoka mwaka 2021, hazifanyi kazi na iPhone, kwa hiyo anayevaa saa ahesabu gharama yake kabla ya kuhama. Vifaa vya masikioni vya Bluetooth hufanya kazi popote, ingawa baadhi ya uwezo wake hupungua.

iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao kompyuta na programu za zamani hushindwa kuufungua. Kama unatuma picha mara kwa mara kwa watu wenye vifaa vya zamani, nenda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, uchague ule unaokubalika zaidi, na picha zitatoka kwa JPEG.

Pitia pia malipo ya kila mwezi. Huduma uliyoilipia kupitia App Store itaendelea kukatwa huko hata ukiwa na simu ya Android, na ya Play Store vilevile. Kufuta programu hakusimamishi malipo. Isitishe ukiwa bado unayo simu ya zamani, kisha ujiunge upya upande wa pili, ikiwezekana kupitia tovuti ya huduma yenyewe ili siku nyingine ukihama usirudie kazi.

Hatua ya nane: Iachie simu ya zamani

Wiki zikipita bila wewe kurudi kwenye simu ya zamani kutafuta kitu, wakati umefika. Aliyetoka iPhone azime kwanza iMessage na FaceTime, huduma za Apple za ujumbe na za simu za video, maana asipofanya hivyo jumbe kutoka kwa marafiki wenye iPhone zitaendelea kutumwa kwenye mfumo wa Apple na hatazipata. Apple ina ukurasa wa kuiondoa namba kwa aliyekwisha kuiacha simu. Tenganisha saa janja, toa laini na kadi ya kumbukumbu, ufute eSIM, na utumie njia rasmi ya benki kuondoa kifaa hicho kwenye orodha ya vinavyoaminika.

Kisha ondoa akaunti ya Google, ya Apple na ya mtengenezaji kwa mkono, ndani ya Mipangilio, kabla ya kuifuta simu. Mpangilio huu una sababu yake: tangu mwaka 2013 kwa iPhone na mwaka 2015 kwa Android, simu iliyofutwa huku akaunti ikiwa bado imefungwa ndani yake inaweza kudai nenosiri la mmiliki wa awali, na atakayeipokea atabaki na kifaa kisichotumika. Zikiwa zimetoka zote, chagua kufuta data yote na kurudisha simu katika hali ya kiwandani. Iwashe tena na uendelee na maandalizi hadi skrini ya kuingia kwenye akaunti. Isipotaja akaunti yako wala kudai nenosiri lako, izime, na iko tayari kukabidhiwa.